Ndoyi Mbele ya Kamati

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Asubuhi hiyo Durban iliamka na baridi kavu. Anga lilikuwa safi, na upepo wa kutoka bara ulisukuma vumbi na harufu ya viwanda katika barabara za Mobeni. Ghislaine alifungua kufuli la chumba cha kushonea, akawasha taa, akabaki amesimama katikati ya mashine bila kuvua koti.

Kila asubuhi alikuwa na desturi ya kuweka mkono juu ya kila cherehani na kumtajia Mungu jina la mwanamke anayeketi pale. Siku hiyo aliweka mkono juu ya cherehani ya kwanza, akasema, "Bwana, leo sina maneno mengi. Wote unawajua." Akakaa.

Hakuwa amelala vizuri kwa muda mrefu. Saa nane mchana alitakiwa kufika mjini, mbele ya kamati ya maadili ya bunge la jimbo, ajibu swali moja kuhusu mtoto wake.

Wenzake waliingia mmoja mmoja, wakasalimiana kwa sauti za chini, wakawasha mashine. Walikuwa wanawake wachache wenye ushirika mdogo, karibu wote kutoka Uvira na Bukavu, isipokuwa Kidawa aliyetoka Tanga. Walishona mashati ya sare kwa ajili ya watoto wa shule maskini, kwa mkataba wa serikali ya jimbo. Kabla ya mkataba huo Grâce alisuka nywele katika saluni ya mtu, akilipwa pale tu mteja anapoketi. Kidawa aliuza soksi katika soko la Warwick, akikimbia kila gari la askari wa jiji lilipotokea. Sasa walikuwa na chumba chenye mlango na ufunguo. Ghislaine ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, na mkataba ulikuwa na sahihi yake.

Swali la kamati lilianzia mbali. Ghislaine alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa mwisho, uchungu ulimshika katikati ya stendi ya teksi pale Warwick, mapema kuliko alivyotazamia. Watu walimzunguka wakitazama. Mwanamke mmoja Mzulu, mfanyakazi wa chama cha wachuuzi, alipenya katikati ya watu, akamfunika kwa shali lake, akamwingiza katika gari lake na kumpeleka hospitali. Getini walipoulizwa karatasi, yule mwanamke aligomba mpaka geti likafunguliwa. Alikaa naye mpaka mtoto akalia. Jina lake lilikuwa Zibuyile Mbanjwa, na mtoto akaitwa Zibuyile.

Kwa watu wa kwao Ghislaine, jambo hilo si shukrani ya siku moja. Mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mtu huyo ni ndoyi wake, na anaingia katika ukoo. Mama wa mtoto atamwita ndoyi huyo mama. Hatakula arusi bila yeye, hatazika bila yeye. Zibuyile Mbanjwa alielezwa hayo, akacheka, akakubali. Kila mwaka alileta viatu vya shule. Ghislaine alipofiwa na mama yake kule Uvira, Zibuyile alikuja matangani, akaketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wa familia.

Miaka ikapita. Zibuyile akachaguliwa kuingia bunge la jimbo, akawekwa katika kamati inayosimamia mpango wa sare za shule. Siku moja alimpigia Ghislaine simu, akamwambia kuna nafasi kwa vikundi vidogo vya washonaji, wapeleke maombi haraka, naye ataangalia yasipotee. Maombi hayakupotea.

Kila mwaka wabunge huandika katika rejista mali zao, zawadi walizopokea, na watu wao wa karibu wanaofanya biashara na serikali. Zibuyile aliandika kwamba hana mtu wa namna hiyo.

Lakini Ghislaine alikuwa amekwisha kusema. Jumapili iliyofuata baada ya kupata mkataba, alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Katika kanisa lao ukipokea baraka hunyamazi nayo, na mkono ambao Mungu ameutumia lazima uutaje kwa jina, vinginevyo ni kama umeiba. Kwa hiyo alimtaja. Alisema, "Mungu alipita kwa ndoyi wa mtoto wangu, Mheshimiwa Zibuyile, njo tukapata kazi." Watu walipiga vigelegele. Shemasi mmoja alirekodi kwa simu, akaituma video kwa ndugu walioko Kongo na Kanada. Haikuishia kwa ndugu. Mwezi wa tatu ilikuwa gazetini.

Jumanne hiyo mashine zilikuwa zimeanza kuchangamka pale mlango ulipogongwa. Katibu wa Mheshimiwa aliingia, kijana wa suti ya bluu. Alisimama karibu na mlango ili nyuzi zisimshike, akazungumza Kiingereza cha taratibu.

"Mama, hakuna anayekuomba useme uongo."

"Sawa," Ghislaine alisema.

"Watakuuliza kama mna uhusiano. Wewe sema mnafahamiana tu, kama wateja wengine wa ofisi yetu. Na jina la mtoto, mlilisikia, mkalipenda. Ni jina la watu wengi."

"Na ile video?"

"Ulikuwa na furaha. Mtu mwenye furaha husema mengi." Aliangalia marundo ya mashati. "Ukisema hivyo, suala linafungwa. Mkataba unabaki, kinamama hawa wanabaki. Ukisema vingine, idara iliyotoa mkataba itausimamisha wiki hii. Mimi sikutishi, mama. Nakueleza tu utaratibu."

Alipoondoka, Grâce alisimamisha mashine yake.

"Huyu anaongea kama mutu anayeuza gari bovu."

Walicheka kidogo. Kisha kila mmoja akatazama kazi yake.

"Mama Zibu," Grâce aliendelea, maana ndivyo walivyomwita, mama wa Zibu, "mimi siwezi kukuambia uongopee. Nakukumbusha tu kama watoto wangu beko tatu na mwenye nyumba iko moja."

"Najua, Grâce."

"Mais si ni kweli kama iko jina la watu wengi?"

"Iko la watu wengi. Mimi nililitoa kwa mutu mumoja."

Kidawa alikuwa akikata uzi kwa meno. "Mie ningeugua, shoga. Ningewaambia kichwa kinaniuma, siwezi kusema."

"Kichwa kinaniuma kweli, Kidawa."

"Basi hata kudanganya hutadanganya."

Saa tano Ghislaine alivua aproni, akavaa blauzi yake ya kanisani. Grâce na Kidawa waliacha mashine zao, wakasema watamfuata mjini na teksi ya baadaye. Hakuwauliza sababu. Njiani alijaribu kusali, lakini sala haikusonga mbele. Alirudia neno moja, "Nionyeshe," mpaka teksi ikasimama Warwick.

Mumewe Léonard alikuwa akimsubiri karibu na wauza mitishamba. Alikuwa mlinzi wa usiku katika ghorofa moja kule South Beach, na bado alikuwa na sare ya kazi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpa hindi la kuchemsha ndani ya gazeti.

"Kula. Usiende kule na tumbo mutupu."

"Sina hamu."

"Hamu itakuja ukitafuna." Alingoja mpaka mkewe alipouma mara moja. "Ghislaine, sema hapana. Neno fupi. Nyumbani tutabaki vile tuko. Yeye mwenyewe Mheshimiwa anajua."

"Na Mungu?"

"Mungu anajua kodi ya nyumba. Utatubu Jumapili. Jumapili si mbali."

"Léonard, unapanga toba mbele ya zambi?"

"Nimekesha usiku muzima nikifungulia watu geti. Mimi leo ninapanga chochote."

Ghislaine alitabasamu bila kutaka. Léonard naye akatabasamu, kisha akafuta uso kwa kiganja. Wachukuzi walipita na mikokoteni wakipiga mluzi ili watu wapishe. Wote wawili wakasogea ukutani.

"Nikisema hapana," Ghislaine alisema, "leo jioni mtoto nitamuita nani? Nitamuita jina la mutu mwenye nimemukana mbele ya watu?"

"Ni mtoto. Hatajua."

"Mimi nitajua. Na yule mwanamke alinifunika pale." Alionyesha kwa kidevu upande wa stendi. "Watu wote bananiangalia, yeye akanifunika."

 Léonard alikunja gazeti lenye gunzi na kulitia mfukoni, maana pipa la taka lilikuwa mbali naye alikuwa amechoka.

"Na ukisema ndiyo," alisema mwishoni, "wale bamama watakula nini?"

"Hapo njo sijui."

"Basi uende. Mimi nikilala nitakuombea. Nikilala mapema, utanisamehe."

Kamati ilikaa katika ukumbi wa jengo la serikali katikati ya mji. Ghislaine alifika mapema, akakaa kwenye benchi nje ya ukumbi. Gosbert alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyeajiriwa siku hiyo kumtafsiria.

"Shikamoo, mama. Nieleze kabla hatujaingia. Hili neno ndoyi nililisikia kwenye video. Ni sawa na somo, kama tunavyosema kwetu?"

"Somo wenu anakuja kwenye kilio?"

"Akitaka."

"Ndoyi hata kama hataki."

Gosbert alitikisa kichwa akifikiria namna ya kulisema kwa Kiingereza.

Mlango wa lifti ulifunguka, Zibuyile Mbanjwa akatoka na wakili wake. Alikuwa amekonda. Alimwambia wakili atangulie, akaja akaketi kwenye benchi, akavua kiatu kimoja na kukisugua kisigino. Walizungumza kama walivyozoea, Kizulu kidogo na Kiingereza kidogo.

"Zibu ameota yale meno ya mbele?"

"Moja limetoka. Lingine bado."

"Atakuwa kama mimi. Mimi nilikaa na pengo mpaka walimu wakanichoka." Akamgeukia. "Kijana wangu alikuja kwako leo?"

"Alikuja."

"Sikumtuma." Alivaa kiatu polepole. "Lakini alipotoka ofisini nilijua anakwenda wapi, na sikumzuia."

Ghislaine alimtazama. Alitaka kumwuliza kwa nini hakuandika katika rejista. Ingekuwa mstari mmoja tu, kwamba kuna mtoto mwenye jina langu na mama yake ni mshonaji, na siku ya kuchagua vikundi angetoka nje ya chumba. Hakuuliza. Mwanamke yule alionekana kama mtu aliyejiuliza swali hilo usiku mwingi.

"Mama," alisema badala yake, "mimi sitaweza kusema kwamba sikujui."

Zibuyile aliinamisha kichwa. Hakukasirika, wala hakushukuru. Aliinuka akaingia ukumbini.

Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, watu watatu nyuma yake, na kipaza sauti kilichokoroma mpaka kikazimwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwenye mafua, akishika kitambaa mkononi. Nyuma, kwenye viti vya wasikilizaji, Grâce na Kidawa waliingia kwa kunyata, na mwandishi mmoja wa gazeti akawapisha. Ghislaine aliapa kusema kweli, akaketi. Gosbert aliketi karibu naye.

"Mama," mwenyekiti alisema, "wewe na Mheshimiwa Mbanjwa mna undugu?"

Wakili aliinua mkono. "Undugu wa damu au wa ndoa, mwenyekiti. Rejista inataja hivyo."

"Rejista inataja pia watu wa karibu," alisema mjumbe mmoja wa kamati bila kuinua macho.

Gosbert alitafsiri yote. Ghislaine aliweka mikono juu ya magoti.

"Damu hatuna. Ndoa hatuna. Mtoto wangu ana jina lake. Kwetu huyo ni ndoyi, ni mtu wa nyumbani. Mimi ninamwita mama. Mama yangu alipokufa alikaa kwenye mkeka wa familia, hakukaa kwenye kiti cha wageni."

"Je, jina hilo si la watu wengi?" wakili aliuliza.

"Ni la wengi. Lakini nililitoa kwa huyu."

Wakili aliandika kitu. Mwenyekiti alipiga chafya, akaomba radhi.

"Ulijua kwamba yumo katika kamati ya sare?"

"Nilijua."

"Alikusaidia?"

 Ghislaine aliomba moyoni, bila maneno, kama mtu anayenyoosha mkono gizani kutafuta ukuta. "Alinipigia simu akaniambia tupeleke maombi. Akasema ataangalia yasipotee. Kazi yetu ni nzuri, mzee. Mashati yetu hayajarudishwa hata moja. Lakini simu alipiga, na vikundi vingine havikupigiwa."

"Kwa nini hukuwaeleza watu wa idara?"

"Hawakuniuliza. Nilisema kanisani."

Mwandishi wa gazeti alicheka, kisha akakohoa kuficha kicheko. Hata mwenyekiti alitabasamu ndani ya kitambaa chake.

"Kanisani si idara, mama."

"Sasa najua. Wakati ule nilifikiri nikisema mbele ya watu wote, nimesema."

Gosbert alipomaliza kutafsiri hilo, hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alimgeukia Zibuyile na kumwuliza kama yuko tayari kujiondoa katika kamati ya sare wakati uchunguzi ukiendelea. Zibuyile alifungua mdomo. Wakili alimgusa kiwiko, akasema Mheshimiwa atajibu kwa maandishi. Zibuyile akafunga mdomo, akatazama meza.

"Vizuri," mwenyekiti alisema, kwa sauti ya mtu aliyesikia jibu hilo mara nyingi maishani. "Mama, kamati hii haikuhukumu wewe. Inamwangalia mbunge. Lakini ni haki ujue kitakachotokea. Idara itasimamisha mkataba wenu."

"Wote?"

"Umeandikwa kwa ushirika, na sahihi ni yako."

Nyuma, kiti kililia. Ghislaine hakugeuka, lakini alijua ni Grâce. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akiogopa dakika hii, na sasa ilipofika ilikuwa nyepesi kidogo kuliko kuingoja. Aliinama, akamwuliza Gosbert jambo kwa sauti ndogo. Gosbert akainuka.

"Mwenyekiti, anauliza kama mwenye uhusiano na mbunge akitoka, wale wasio na uhusiano wanaweza kubaki."

Wajumbe watatu walinong'onezana. Mmoja alipekua kitabu cha kanuni, akasoma, akasukuma kitabu kwa mwenzake.

"Siwezi kukuahidi," mwenyekiti alisema. "Uamuzi ni wa idara. Ninaloweza ni kupendekeza, na mara nyingi hunisikiliza. Lakini kutoka huko lazima kuwe kutoka kweli. Si kutoa sahihi leo na kurudi kesho kwa mlango wa nyuma. Usishone, usilipwe, usimweke mumeo mahali pako. Na itabidi useme hapa, mbele ya watu, iingie katika kumbukumbu. Unaweza kwenda kwanza kufikiri."

"Mama Zibu, hapana," Grâce alisema kutoka nyuma. Mwenyekiti aligonga meza kwa kalamu, lakini bila ukali.

Ghislaine aliwaza chumba cha Mobeni, na mkono wake juu ya kila cherehani asubuhi. Aliwaza Léonard aliyelala wakati huo na buti miguuni. Ya kesho hakuyajua. Labda angerudi Warwick na meza ya kurekebishia nguo kuukuu, mahali pale pale watu walipomzunguka wakitazama. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata huzuni ilihitaji nguvu asizokuwa nazo. Lakini ndani ya uchovu huo palikuwa na kitu kimetulia, na alikijua, kwa sababu ndicho alichokuwa akikiomba tangu ndani ya teksi.

Aliinuka. Alimtazama kwanza Zibuyile, ambaye safari hii aliinua macho, kisha akawageukia wenzake walioketi nyuma, kisha kamati. Gosbert alisimama pembeni yake, tayari.

"Jina la mtoto sitalibadilisha," alisema, "na mama yangu huyu sitamkana. Kwa hiyo mimi natoka. Mbele ya Mungu, mbele yenu wazee, mbele ya Grâce na Kidawa, naahidi hivi: wakati wote ndoyi wa mtoto wangu atakapokaa bungeni, mkono wangu hautashona nguo ya serikali, wala sitakula senti yake, mimi wala mutu wa nyumba yangu. Na mukisikia siku moja nimerudi, muje muniite hapa tena, nami nitakuja."